Hesabu ya Foleni

Watu waliozaliwa katika miji mikubwa hudhani kwamba foleni ni ugonjwa wa miji. Wakiona magari yamesongamana Nairobi, au Mombasa penye kivuko cha Likoni, husema kwamba dawa yake ni kuhamia mahali penye nafasi. Mimi nilikuwa mmoja wa wenye fikira hiyo. Mwaka 2014, nilipopata kazi ya ualimu Kakuma, nilijifariji kwa jambo moja: kwamba nakwenda katika nchi pana yenye watu wachache na anga kubwa, ambako mtu hamngojei mtu. Miaka niliyokaa huko ilinifundisha kinyume chake. Foleni ndefu kuliko zote nilizopata kuziona niliziona Turkana, na katika mojawapo nilijifunza jambo juu ya kazi yangu ambalo chuo cha ualimu hakikunifundisha.

Nilifika Lodwar mwanzoni mwa mwezi wa Mei, shule zilipokuwa karibu kufunguliwa. Lodwar ni mji uliokaa kando ya mto Turkwel, na ukingoni mwa mto huo huota mikoma, ambayo makuti yake hutumiwa na akina mama wa Kiturkana kusukia vikapu na mikeka. Kutoka hapo hadi Kakuma ni mwendo wa kilometa 120 hivi. Tangu wakati huo barabara imejengwa upya kwa lami, lakini siku ile lami ya zamani ilikuwa imebaki vipande vipande, na madereva walipenda zaidi kupita kando, mchangani. Kwa kuwaogopa wanyang'anyi, magari yalikwenda kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Nilipanda lori lililochukua unga na sabuni. Dereva wake alikuwa mzee mpole, mwenye maneno machache, aliyeijua njia ile kama mtu anavyoujua ua wa nyumba yake.

Katikati ya safari tulisimama. Mbele yetu palikuwa na laga, yaani mto wa msimu ambao siku nyingi za mwaka huwa mchanga mtupu. Siku ile ulijaa maji mekundu yaliyokwenda kwa kishindo, yakiviringisha magogo. Nilitazama juu, nisione hata wingu moja. "Mvua hii haikunyesha hapa, mwalimu," mzee alisema. "Imenyesha jana milimani, na leo ndiyo inafika." Tulikaa pale tangu saa nne asubuhi. Magari yaliendelea kufika, moja moja, mpaka mstari ukawa na magari kama 30. Sisi tulikuwa karibu na mkia.

Saa tisa maji yalipungua. Utingo mmoja aliingia mtoni, akatembea mbele ya lori la kwanza akipima kina kwa fimbo, na lori likavuka. Nilifurahi, nikafunga mkoba wangu, nikaketi tayari kuondoka. Lakini hatukuondoka. Dakika 10 zilipita, kisha 20, kisha 30, nasi tuko pale pale, ilhali njia ilikuwa wazi. Nyuma yetu vijana wa gari moja walipiga honi kwa hasira. Mzee hakugeuka. Alisema maneno ambayo sijayasahau: "Mto unateremka, foleni inapanda. Wa mbele akiondoka, habari yake hupita gari hata gari mpaka inifikie. Honi haiwezi kuiharakisha." Kila gari lilitumia dakika 2 kuvuka, na magari yalikuwa 30, basi wa mwisho alikuwa na saa nzima ya kungoja, apige honi asipige. Zaidi ya hayo, foleni ilipokuwa ikipungua kichwani, mkiani ilikuwa ikikua, kwa sababu magari mengine yalizidi kuwasili bila ya kujua kwamba mto umekwisha kufunguka.

Hapo sikujua kwamba mzee yule alikuwa amesema kwa sentensi moja jambo ambalo wataalamu wa hesabu waliliandika kwa kurasa nyingi. Nililijua miaka miwili baadaye, Aprili 2016, niliporudi chuoni wakati wa likizo ili kujiendeleza. Mhadhiri wetu wa hesabu alitueleza habari za Waingereza wawili, James Lighthill na Gerald Whitham wa Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 1955 walitoa makala mbili zilizofuatana. Ya kwanza ilihusu mwendo wa mafuriko katika mito mirefu. Ya pili ilihusu mwendo wa magari katika barabara ndefu zilizojaa. Nililisikia jambo hilo nikashtuka, maana niliyaona mambo yote mawili kwa pamoja siku ile pale lagani: mafuriko mbele ya macho yangu, na magari nyuma ya mgongo wangu. Mwaka uliofuata, 1956, Mmarekani aitwaye Paul Richards alitoa fikira ile ile ya magari, aliyoipata peke yake bila ya kuwategemea wao.

Msomaji asiogope, hesabu yenyewe si ngumu. Simama kando ya barabara, uhesabu magari yanayopita mbele yako kwa saa moja. Idadi hiyo ni mtiririko. Kisha ungeweza kupanda juu kama ndege, ukahesabu magari yaliyomo katika kilometa moja. Idadi hiyo ni msongo. Mtiririko hupatikana kwa kuzidisha msongo kwa mwendo. Kama kila kilometa ina magari 30, na kila gari linakwenda kilometa 60 kwa saa, basi magari 1,800 yatapita mbele yako katika saa moja.

Jambo la kufikiri ni kwamba msongo na mwendo haviachani. Njia ikijaa, kila dereva hupunguza mwendo kwa kumwogopa aliye mbele yake. Katika miaka ya 1930, Mmarekani Bruce Greenshields alikaa kando ya barabara za Ohio na kamera, akapiga picha za magari, akapima mwendo na nafasi zake. Akaona kwamba kwa kukadiria, mwendo hupungua sawasawa kadiri msongo unavyoongezeka, kama mstari ulionyooka unaoteremka. Tuchukue mfano wa njia moja ambayo ikiwa tupu gari huenda kilometa 80 kwa saa, na ikijaa kabisa huwa na magari 120 katika kilometa moja, yote yamesimama. Kwa kanuni ya Greenshields, magari yakiwa 30 kwa kilometa, mwendo ni 60, na mtiririko ni 1,800. Yakiwa 60, mwendo ni 40, na mtiririko ni 2,400, ambao ndio upeo wake. Yakizidi hapo, hasara huanza. Yakiwa 90, mwendo hushuka hata 20, na mtiririko hurudi kuwa 1,800. Yakiwa 120, mwendo ni sifuri, na hapana kinachopita.

Tazama namba hizo tena. Magari 1,800 kwa saa yanaweza kupita kwa njia mbili: kwa raha, yakiwa machache na yenye kasi, au kwa taabu, yakiwa mengi na yenye kujikokota. Anayehesabu magari kando ya njia bila ya kutazama mwendo wake hawezi kujua ni raha gani au taabu gani iliyopita mbele yake. Nililiandika jambo hilo katika daftari langu na kulipigia mstari, nikidhani kwamba nimelifahamu.

Lighthill na Whitham waliongeza fikira ya wimbi. Tuseme kundi la ng'ombe limekatiza barabara ile yenye magari 30 kwa kilometa, nalo likatumia dakika 3 kuvuka. Gari la kwanza husimama, la pili husimama nyuma yake, na hivyo mkia wa foleni hurudi nyuma. Hurudi kwa kasi gani? Toa mtiririko wa waliosimama, ambao ni sifuri, katika mtiririko wa wanaofika, ambao ni 1,800. Gawa kwa tofauti ya msongo wao, yaani 120 kutoa 30, ambayo ni 90. Jibu ni kilometa 20 kwa saa. Baada ya dakika 3 foleni ina urefu wa kilometa nzima. Ng'ombe wakiisha kupita, wimbi jingine huanza kurudi nyuma, wimbi la kuondoka, nalo katika mfano wetu huenda kwa kilometa 80 kwa saa. Litaukamata mkia dakika 1 baada ya ng'ombe kuondoka, umbali wa kilometa 1 na theluthi moja kutoka walipovukia. Maana yake ni hii: dereva wa mwisho kusimama husimama wakati ng'ombe wamekwisha kwenda zao. Hakuwaona, wala hatawaona. Yeye huona gari lililo mbele yake tu, akalilaumu.

Nilirudi Kakuma mwezi wa Mei nikiwa na shauku kubwa. Msomaji aijue kidogo Kakuma. Mji wenyewe na kambi ya wakimbizi vimekaa kando ya laga liitwalo Tarach. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, ilipopokea vijana wengi waliokimbia vita vya Sudan wakiwa hawana wazazi. Na vita vilivyozuka Sudan Kusini mwezi wa Desemba 2013 viliwaleta maelfu wengine. Humo utakuta watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko, na mtoto wa darasa la saba huweza kuwa na lugha nne kabla hajajua kugawa sehemu. Nilifundisha hesabu darasa la saba, wanafunzi zaidi ya 100 katika chumba kimoja cha mabati.

Asubuhi moja niliwatoa uwanjani kuwaonyesha hesabu ya foleni kwa macho. Nilikuwa nimesikia habari ya jaribio lililofanywa na wataalamu wa Japani na kutangazwa mwaka 2008. Walipanga magari 22 katika duara yenye mzunguko wa meta 230, wakawaamuru madereva waende kwa mwendo mmoja wa kilometa 30 kwa saa. Hapakuwa na taa, wala njia panda, wala ng'ombe. Hata hivyo, baada ya muda mfupi magari yalianza kukusanyana, mengine yakasimama kabisa, na kifungu hicho cha waliosimama kikazunguka duara kwa kurudi nyuma. Nami nilichora duara mchangani, nikawaweka wanafunzi 20 watembee. Mambo yakawa yale yale. Mmoja alisita kidogo, aliye nyuma yake akasita zaidi, na wa tano akasimama. Walicheka, wakaulizana ni nani aliyeanza. Nikawaambia kwamba huenda hakuna aliyeanza. Msongamano waweza kuzaliwa bila ya mkosaji.

Nilisema hivyo kwa kinywa changu, na wakati huo huo mwanafunzi mmoja alikuwa amesimama nje ya mlango wa darasa, juani, kwa amri yangu.

Alikuwa msichana mtulivu, mwepesi wa hesabu, na kosa lake lilikuwa kuchelewa. Somo langu lilianza saa mbili na dakika 20. Siku nyingine alikuwa wa kwanza kuketi. Siku nyingine alifika saa mbili na dakika 45, jasho likimtoka. Kama angechelewa kila siku, labda ningemwuliza sababu. Kilichoniudhi ni kule kuwahi kwake. "Kama jana uliweza," nilimwambia mbele ya wenzake, "leo umeshindwa nini?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, leo maji hayakuwa na nguvu." Niliona jibu hilo kuwa halina maana. Nikaweka sheria: achelewaye asimame nje mpaka kipindi kiishe. Katika muda wa wiki tatu alisimama nje mara saba. Sheria ile niliiona kuwa ya haki kwa sababu ilikuwa moja kwa wote.

Mwezi wa Juni pampu iliyotuletea maji walimu iliharibika. Nikachukua mtungi wangu wa plastiki wa lita 20, nikaenda kwenye kituo cha maji cha mtaa uliokuwa karibu. Mifereji ilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nilifika saa kumi na moja, nikadhani nimewahi. Nilikuta mitungi imekwisha kupangwa mstari mmoja mrefu gizani, ya manjano na ya buluu, kila mmoja una alama ya mwenyewe: kitambaa, jina, au jiwe lililowekwa juu. Nilihesabu. Wangu ulikuwa wa 164. Mbele yangu kidogo, kando ya mtungi wa 160, alikuwa amechuchumaa yule msichana, daftari lake la hesabu magotini. Alinisalimu kwa adabu kama kawaida yake. Hakusema neno jingine.

Kituo kilikuwa na mifereji minne. Siku ile maji yalikuwa na nguvu; mtungi mmoja ulijaa kwa dakika 2. Mifereji minne ilijaza mitungi 120 kwa saa, na mtungi wa 160 ulijaa saa moja na dakika 20. Alijitwika, akaenda. Nyumbani kwao palikuwa mwendo wa robo saa, na kutoka huko hadi shuleni nusu saa. Akafika saa mbili na dakika 5. Aliwahi.

Siku ya pili tulikutana tena, na kwa kuwa wengi huja saa zile zile, namba zetu zilikuwa karibu zile zile. Lakini maji yalitoka membamba. Mtungi ulijaa kwa dakika 3. Mifereji minne sasa ilijaza mitungi 80 kwa saa. Nilitazama saa yangu, na ndani ya kichwa changu hesabu ikajifanya yenyewe, nisitake: mitungi 160, kwa 80, ni saa mbili nzima za kungoja. Wake ungejaa saa mbili kamili. Angefika shuleni saa mbili na dakika 45. Mtoto yule yule, aliyeamka saa ile ile, akakaa mahali pale pale katika foleni. Tofauti ya dakika 40 ilitoka ndani ya bomba. "Leo maji hayakuwa na nguvu." Alikuwa amenipa jibu kamili la hesabu, nami nilimsahihisha kwa kumtoa nje.

Mimi nilijaza mtungi wangu dakika 3 baada yake, nikakimbia. Nilifika shuleni nimechelewa karibu nusu saa. Darasa lilikuwa likinisubiri. Nje ya mlango, mahali pake pa siku zote, msichana yule alikuwa amesimama juani, mgongo ameuegemeza kwenye bati. Hakuna aliyemwamuru. Sheria ilisema achelewaye asimame nje, naye alikuwa amechelewa. Mimi nilikuwa nimechelewa kuliko yeye, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili yangu.

Nilimwambia aingie. Kisha nikasimama mbele ya darasa nikaomba radhi, na sikuona haya kama nilivyodhani ningeona. Haya zangu zilikuwa za wiki tatu zilizopita. Nilifuta sheria ile, na mwalimu mkuu akanikubalia kubadilisha ratiba, somo la hesabu likahamia baada ya mapumziko. Halafu nikawagawia wanafunzi kazi. Kwa wiki mbili, kila aliyekwenda mferejini aliandika mambo matatu: namba ya mtungi wake, dakika za kujaza mtungi mmoja, na saa aliyoondoka.

Hesabu za namna hii zina historia yake. Mdenishi aitwaye Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa makala yake ya kwanza mwaka 1909 juu ya simu zinazogombea nyaya chache. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni nyepesi: idadi ya wanaongoja ni sawa na idadi ya wanaofika kwa dakika ikizidishwa kwa dakika anazongoja mmoja wao, kwa wastani. Wakifika watu 2 kila dakika, na kila mmoja akangoja dakika 45, basi utakuta watu 90 wamesimama. Haidhuru wangojacho ni simu, maji, au zamu ya kuvuka laga.

Madaftari ya wanafunzi yalionyesha kwamba mitungi ya asubuhi ilikuwa kama 180, na kwamba yote iliwekwa kabla ya mifereji kufunguliwa. Nikaona dawa mara moja, nikaipeleka kwa kamati ya maji. Nikasema: igawanyeni mitaa katika zamu mbili. Mitungi 90 ije saa kumi na mbili, na 90 ije saa moja kasorobo. Maji yakiwa na nguvu, mtungi wa mwisho utajaa saa moja na nusu kama ilivyo sasa, wala hapana atakayepoteza. Lakini wastani wa kungoja tangu kufunguliwa mifereji, ambao sasa ni dakika 45, utapungua hata kufikia nusu yake. Niliwachorea jambo hilo mchangani.

Mama mmoja aliyetoka Kongo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha wengi wetu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, hesabu yako ni nzuri. Lakini maji yakikatika saa moja kasorobo, sisi wa zamu ya pili tutakunywa hesabu?" Wengine hawakucheka. Walitikisa vichwa kwa kukubali, kwa maana maji yalikuwa yamewahi kukatika, na kila mmoja aliikumbuka siku yake.

Maneno yale yalinifundisha mpaka wa fani yangu. Lighthill na Whitham walifananisha magari na maji, na mfano wao una nguvu kubwa. Lakini maji hayana hofu. Mto hauamki saa tisa ya usiku kwa kuogopa kwamba bahari itafungwa. Watu wale walikuja mapema kwa sababu hawakuwa na imani kwamba yatakuwapo baadaye, na kila mmoja alipofika mapema alimlazimisha jirani yake afike mapema zaidi. Foleni ile ilijengwa na kumbukumbu, na hesabu isiyoweka kumbukumbu hiyo mahali pake haikuwa sahihi, hata kama kujumlisha na kugawa kwake kulikuwa sahihi.

Nikaondoka nimeshindwa. Lakini wanafunzi hawakushindwa. Walikaa na madaftari yao, na yule msichana ndiye aliyeleta fikira nyingine. Kati ya mitungi 180, alisema, 40 huletwa na watoto wa shule. Mitungi hiyo ikiwekwa mbele, hata siku ya maji membamba itajaa kwa nusu saa, na kila mwanafunzi ataondoka kabla ya saa kumi na mbili na dakika 30 kupita. Nani atakayecheleweshwa? Aliye katikati atachelewa, lakini hawezi kuchelewa zaidi ya nusu saa hiyo. Na mtungi wa mwisho kabisa hautachelewa hata dakika moja, kwa kuwa mitungi ni ile ile na mifereji ni ile ile. Akaongeza jambo ambalo mimi nisingelifikiri: kwamba hakuna atakayeogopa kukosa maji kwa ajili ya mgeni, maana watoto hao ni wao wenyewe.

Tulirudi kwa kamati. Safari hii mimi nilinyamaza, akasema yeye. Yule mama wa Kongo aliuliza maswali mawili, juu ya watu wazima watakaowatuma watoto wasio wa shule, na juu ya mtoto atakayeleta mitungi mitatu. Wakakubaliana kwamba mtoto ataleta mtungi mmoja, naye awe amevaa sare. Jumatatu iliyofuata ilianza. Haikuwa kamilifu, sare zilianza kuazimwa, na ugomvi haukukosekana. Lakini safu za mbele darasani, ambazo asubuhi nyingi zilikuwa na nafasi tupu, zilijaa.

Mimi siko Kakuma tena. Nafundisha Lodwar, na nikipita daraja la Turkwel wakati wa mvua hutazama maji yakiteremka, na pikipiki na malori yakisukumana upande wa soko. Humkumbuka mzee wa lori, na honi za vijana waliokuwa nyuma yetu. Pia humkumbuka yule dereva wa mwisho katika mfano wa ng'ombe, anayesimama bila ya kujua sababu, akamlaumu aliye mbele yake. Kwa wiki tatu nilikuwa mimi dereva huyo. Niliona mtoto amechelewa, na nyuma yake sikuona mitungi 160, wala mifereji minne, wala bomba lililopungua nguvu.

Siku hizi mwanafunzi akichelewa humwuliza kwanza ametoka wapi, na alikuwa wa ngapi. Mara nyingine jibu huwa ni uvivu, maana uvivu nao upo duniani. Lakini huuliza, kisha huandika jibu katika daftari, pamoja na saa.